Sura ya Tatu: Ardhi Isiyo na Seng'enge

Mzinga wa Waogiek, jamii ya warina asali na wawindaji wa Kenya, huanza na gogo. Fundi hutafuta mti usiooza upesi, na katika Msitu wa Mau hakuna unaoushinda mtarakwa, mti ambao Tanzania huitwa mwangati. Hukata kipande kirefu, hukipasua kwa urefu, kisha huketi kukichonga ndani mpaka kila nusu iwe kama hori. Nusu mbili hizo hufungwa tena pamoja, tundu za kuingilia nyuki zikaachwa, na mzinga ukavikwa magome ya mtarakwa ili mvua isipenye. Mau ni nchi ya mvua na ukungu. Mzinga ukivuja, nyuki hawakai.

Kisha unapandishwa mtini, na hapo ndipo panapotaka moyo. Gogo lile ni zito, na mti wenye uma unaofaa huweza kuwa mrefu kuliko nyumba ya ghorofa tatu. Mrina asali naye hupanda kwa kamba na nguvu za miguu, begani mfuko wa ngozi, mkononi kitita kinachofuka moshi. Akifika juu hupuliza moshi mzingani, hufungua, hukata masega moja moja na kuyatia mfukoni, halafu huushusha mfuko kwa kamba. Walio chini huupokea. Masega yenye makinda huliwa pale pale, na asali iliyokomaa hubebwa nyumbani. Ikihifadhiwa vizuri hukaa miaka, na hata nyama iliyokaushwa ikitiwa ndani yake haiharibiki. Mtu aliyekuwa na makumi ya mizinga iliyotawanyika msituni alikuwa na akiba ya kutosha kwa miezi ya njaa.

Nimeanza na mzinga kwa sababu asiyeelewa mahali ulipotundikwa hataelewa chochote kuhusu Waogiek na ardhi yao, na wengi wa waliowaamulia mambo yao kwa miaka tisini iliyopita hawakutaka kuelewa.

Mau ni safu ya nyanda za juu kwenye ukingo wa magharibi wa Bonde la Ufa nchini Kenya. Msitu wake, ukijumlisha vipande vyake vyote, una takriban hekta 400,000, na ni kimoja kati ya vyanzo vikuu vitano vya maji vya nchi hiyo, pamoja na Mlima Kenya, Aberdare, Mlima Elgon na milima ya Cherangany. Ukipanda kutoka chini kwenda juu, mimea hubadilika kadiri hewa inavyopoa. Chini kuna vichaka na mizeituni mwitu, juu yake msitu mnene wa miti mirefu, halafu mianzi, hadi vilele vinavyokaribia mita 3,000. Kila ngazi ina maua yake, na kila ua lina msimu wake. Asali huiva chini wakati ambapo juu bado hakuna kitu. Miezi michache baadaye mambo yanageuka: chini kumekauka, juu nyuki wamejaa kazi. Mti wa dombeya hutoa asali nyeupe inayoelekea kijivu, ambayo Waogiek huisifu kupita zote. Kuna pia kichaka kinachoota chini ya miti mikubwa, wataalamu wa mimea hukiita Mimulopsis, ambacho hukaa miaka bila kutoa ua, kisha huchanua eneo zima kwa pamoja na kufa. Mwaka huo hukumbukwa na wote, nyuki na watu.

Sasa fikiria familia inayoishi kwa asali katika mlima wa namna hiyo. Kipande cha ardhi cha mraba mahali pamoja hakiwafai, kwa sababu kitawalisha miezi miwili na kuwaacha na njaa miezi kumi. Wanachohitaji ni ukanda mwembamba unaopanda mlima, wenye sehemu katika kila ngazi ya maua. Na hicho ndicho Waogiek walichogawana. Kila ukoo ulikuwa na ukanda wake, unaoitwa konoito, uliotambaa kutoka nyanda za chini hadi juu kwenye baridi. Mipaka yake ilikuwa vijito, migongo ya vilima na njia za wanyama. Mtoto wa kiume alipotembea na baba yake kukagua mizinga alifundishwa mipaka hiyo papo hapo, kijito hiki ni chetu, ng'ambo ni kwa fulani. Kutundika mzinga katika ukanda wa ukoo mwingine bila ruhusa kulikuwa kosa. Aliyehitaji kufanya hivyo aliomba, mara nyingi kwa njia ya ukwe au urafiki.

Huo ni umiliki kamili. Una mwenyewe, una mpaka, una urithi, una namna ya kuomba na namna ya kukataa. Haukuwa na seng'enge wala hati, haukuwa na ng'ombe wala mahindi. Mgeni aliyetoka nchi ambako shamba ni mraba uliolimwa alipotazama pale aliona miti mitupu na watu wanaohamahama ndani yake. Hakuona shamba. Kosa hilo la macho ndilo lililogeuka kuwa sera, na baadaye kuwa sheria.

Asali haikuwa chakula peke yake. Ilikuwa fedha na pia ibada. Pombe ya asali ndiyo iliyofungua mazungumzo ya ndoa, na wazee hawakubariki jambo kubwa kinywa kikavu. Mchumba aliyekwenda kwa wakwe alikwenda na asali. Wamasai walioishi nyanda za chini waliihitaji kwa sherehe zao, na wao walikuwa na mifugo, kwa hiyo kila upande ulikuwa na kitu ambacho mwenzake alikitaka. Biashara hiyo ilidumu vizazi na kuwafanya Waogiek wengi wajue lugha mbili au tatu. Lugha yao wenyewe ni ya kundi la Kikalenjin, na jamaa zao wa mbali, Waakie, wako hadi leo katika Mkoa wa Manyara nchini Tanzania, wilaya za Kiteto na Simanjiro.

Uwindaji ulijaza pengo la asali. Waliwinda kwa upinde na mishale ya sumu, kwa mikuki, kwa mbwa na kwa mitego. Bongo, yule swala mkubwa wa msituni mwenye milia myeupe, alikuwa windo la heshima. Nguruwe wa msituni na nyati waliwindwa pia. Mnyama aliyeingia zaidi katika maisha ya kila siku, hata hivyo, ni perere, ambaye usiku hulia mitini kwa sauti ya kukwaruza inayomtisha mgeni asiyeijua. Nyama yake ililiwa, na ngozi zake zenye manyoya laini zilishonwa pamoja kuwa joho. Ukiwahi kulala Mau mwezi wa Julai utajua kwa nini. Mwaka 1977 Kenya ilipiga marufuku uwindaji wote, na tangu siku hiyo mzee anayemwonyesha mjukuu wake jinsi ya kutega perere anavunja sheria.

Majirani wafugaji waliwaita Wadorobo, jina la Kimasai linalowadharau wasio na ng'ombe, na Wazungu walilichukua jina hilo pamoja na dharau yake. Hapo ndipo ile sera ilipozaliwa. Mwaka 1932 serikali ya kikoloni iliteua tume ya ardhi chini ya Sir Morris Carter, iliyokuja kuamua nani apewe hifadhi wapi katika Kenya. Makabila makubwa yalipimiwa maeneo yao, hata kama ni madogo na ya dhuluma. Kwa Waogiek tume haikupima kitu. Ilipendekeza wahamishwe wakaishi katika hifadhi za makabila makubwa yaliyo karibu nao, na huko wamezwe. Kwa maneno mengine, serikali iliamua kwamba watu hawa wataacha kuwapo kwa kuwa hawakuwa na kitu kinachofanana na shamba la Mwingereza au boma la Mmasai. Msitu wenyewe ukawa mali ya Serikali.

Katika historia yote ya nyanda za juu za Kenya, na imejaa dhuluma, sijui uamuzi mwingine uliofanya madhara ya muda mrefu hivyo kwa maneno machache hivyo. Jamii iliyonyang'anywa ardhi bado ina jina lake katika ramani na inaweza kudai irudishiwe. Jamii ambayo haikuandikwa kabisa humaliza vizazi viwili ikithibitisha tu kwamba ipo.

Serikali ilipoumiliki msitu, iliugeuza. Miti ya asili ilikatwa katika maeneo makubwa na mahali pake pakapandwa misonobari na misaipresi kutoka nchi za mbali, kwa ajili ya mbao. Katika vitabu vya idara ya misitu maeneo hayo bado yalihesabiwa kuwa msitu. Kwa nyuki hayakuwa kitu. Misaipresi haina nekta, na chini yake hakuoti kichaka cha maua, kwa hiyo mrina asali anaweza kutembea saa nzima chini ya miti ya kijani kibichi asikute mahali pa maana pa kutundika mzinga. Watu wa nje wanaoona picha za Mau hawajui tofauti hii, na mimi naiona kuwa ndiyo jambo la kwanza wangepaswa kufundishwa. Konoito iliyopandwa misaipresi katikati imekatwa kama ngazi iliyong'olewa vipago vyake.

Waogiek walifanya ambalo binadamu yeyote angelifanya. Walijifunza kulima. Katika Mariashoni na Nessuit, na upande wa Tinet, walipanda viazi na mahindi, wakafuga ng'ombe na kondoo, wakajenga nyumba za mbao na mabati, wakapeleka watoto shule. Mizinga hawakuiacha, lakini iliacha kuwatosha. Walihamishwa, wakarudi, wakahamishwa tena, na kila waliporudi msitu ulikuwa umepungua.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 Waogiek wa Tinet waliamriwa kuhama, wakaenda Mahakama Kuu mjini Nairobi. Hukumu ilitolewa Machi 2000. Walishindwa, na sababu mojawapo iliyotolewa inafaa kusomwa polepole. Majaji walisema kwamba watu hawa hawaishi tena kama zamani: sasa wanalima, wanafuga, wana nyumba za kudumu, shule na maduka, kwa hiyo hawawezi kudai kwamba maisha yao yanautegemea msitu. Serikali iliyokuwa imewafungia uwindaji na kuyaondoa maua ya mizinga yao sasa ilisaidiwa na ukweli kwamba walikuwa wameacha kuishi kwa uwindaji na mizinga. Tume ya mwaka 1932 iliwanyima ardhi kwa kuwa hawakulima. Mwaka 2000 walinyimwa kwa kuwa wanalima.

Mwaka uliofuata msitu ule ule ulikatwa vipande kwa kalamu. Mwezi wa Oktoba 2001 serikali iliondoa katika orodha ya misitu zaidi ya hekta 35,000 za Mau Mashariki na zaidi ya hekta 22,000 za Mau Kusini-Magharibi, ili zigawiwe watu. Maelezo rasmi yalitaja kuwapatia makazi Waogiek. Waliopewa wengi hawakuwa Waogiek, na miongoni mwao walikuwamo watu wenye vyeo na majina, ambao hawakuwa na shida ya pa kulala. Wapo pia Waogiek waliopata kipande na kukiuza upesi kwa bei ya hasara. Nalisema hilo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu linaonyesha hatari ya hati ya mtu mmoja mmoja kwa watu ambao ardhi yao siku zote ilikuwa ya ukoo. Kipande cha ekari tano kinauzika kwa siku moja ya shida. Konoito haikuuzika, kwani hakuna mtu mmoja aliyekuwa na uwezo wa kuiuza.

Matokeo yalionekana mtoni. Mito inayotoka Mau ni mingi: Njoro huingia Ziwa Nakuru, Molo hushuka hadi Baringo, Sondu huenda Ziwa Viktoria na njiani huzungusha mitambo ya umeme ya Sondu Miriu, Ewaso Ng'iro ya Kusini hufika Ziwa Natron. Mara nao hupita mbugani Maasai Mara, huvuka mpaka na kuingia Serengeti, kisha humwaga maji yake Ziwa Viktoria upande wa Tanzania. Mvuvi wa Mkoa wa Mara ambaye hajawahi kusikia neno Ogiek anakunywa maji ya ngazi zile zile za mlima. Mito ilipoanza kupungua na kuchafuka, nchi nzima iliingiwa na hofu, na hofu hiyo ilikuwa ya haki. Lakini aliyelipishwa hakuwa mwenye kosa.

Oktoba 2009 Shirika la Huduma za Misitu la Kenya lilitoa notisi: wote waliomo katika Msitu wa Mau watoke ndani ya siku 30. Notisi haikutenganisha aliyekuja juzi na kalamu ya waziri na yule ambaye babu wa babu yake alichonga mzinga pale. Mwezi uliofuata shirika la Waogiek wenyewe, Ogiek Peoples' Development Program, lenye makao Nakuru, pamoja na wenzao wa kutetea haki za jamii ndogo, walipeleka malalamiko kwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu mjini Banjul, Gambia. Mwaka 2012 Tume iliipeleka kesi hiyo kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha. Ilikuwa mara ya kwanza mahakama hiyo kuletewa shauri la haki za watu wa asili.

Hukumu ilisomwa tarehe 26 Mei 2017. Mahakama ilisema Waogiek ni watu wa asili wanaostahili ulinzi wa pekee, na kwamba Kenya imevunja haki zao za ardhi, utamaduni, dini, maendeleo na mali asili, pamoja na haki ya kutobaguliwa. Dai moja halikukubaliwa, la haki ya uhai, kwani majaji hawakuona uthibitisho wa kuunganisha uhamisho na vifo vilivyotajwa. Mengine yalikubaliwa.

Ndani ya hukumu hiyo kuna mambo mawili ambayo kwangu yana uzito kuliko ushindi wenyewe. La kwanza linahusu msitu. Serikali ilikuwa imedai kwamba Waogiek wanauharibu. Mahakama ilipima ushahidi na kusema serikali haikulithibitisha hilo. Ushahidi ulionyesha kwamba uharibifu ulitokana hasa na uvamizi wa makundi mengine, na maeneo yaliyokatwa na serikali kwa ajili ya makazi, na vibali vya ukataji miti vilivyotolewa vibaya. La pili linahusu lile jambo la Tinet. Serikali ilirudia hoja kwamba Waogiek wamebadilika, hivyo si wale tena. Mahakama ilijibu kwamba kubadilika hakufuti utambulisho wa watu, na kwamba baadhi ya mabadiliko hayo yaliletwa na serikali yenyewe ilipowazuia kuingia katika ardhi yao.

Nimewasikia watu wengi wenye nia njema wakiwasifu Waogiek kwa namna inayowadhuru. Wanataka kumwona Mwogiek mwenye joho la perere na mfuko wa asali, na wakimkuta mwenye simu na shamba la viazi wanavunjika moyo, kama kwamba wametapeliwa. Fikra hiyo ndiyo iliyoandika hukumu ya mwaka 2000. Mkulima wa Kilimanjaro aliyeacha ulezi akapanda kahawa hakuulizwa kama bado ni Mchaga kabla ya kuachiwa kihamba chake. Mswahili wa Lamu aliyefunga mashine katika jahazi haambiwi bahari si yake tena. Ni wadogo tu, wale wa milimani na misituni, wanaotakiwa wabaki kama walivyokuwa ili wastahili kukaa walipo.

Tarehe 23 Juni 2022 mahakama ile ile ilitoa hukumu ya fidia. Iliamuru Kenya iwalipe Waogiek shilingi 57,850,000 za Kenya kwa hasara ya mali na shilingi 100,000,000 kwa maumivu. Muhimu kuliko fedha hizo, iliamuru ardhi yao ya mababu ipimwe, iwekewe mipaka na kuandikishwa kwa hati ya pamoja, ndani ya miaka miwili. Hati ya pamoja ndiyo ya karibu zaidi, katika sheria ya leo, na ile konoito. Na wala sheria ya Kenya haikatai jambo hilo. Katiba ya 2010, kifungu cha 63, inazitaja kwa uwazi ardhi za mababu na zile zilizokaliwa tangu zamani na jamii za wawindaji na wakusanyaji kuwa ardhi ya jamii. Maneno yapo tayari, na Wakenya waliyapigia kura wenyewe.

Mwezi wa Novemba 2023, mwaka mmoja na ushee baada ya hukumu ya fidia, nyumba za Waogiek zilibomolewa Sasimwani, katika sehemu ya Mau iliyo kaunti ya Narok. Familia nyingi zilianza kulala nje wakati wa mvua. Sababu iliyotolewa ilikuwa ile ile, kuuokoa msitu.

Mau haiko peke yake. Katika milima ya Cherangany, Wasengwer wa msitu wa Embobut walichomewa nyumba mwaka 2014, na Januari 2018 mmoja wao alipigwa risasi na kufa katika operesheni ya walinzi wa msitu. Umoja wa Ulaya, uliokuwa ukigharamia mradi wa euro milioni 31 wa kulinda vyanzo vya maji katika eneo hilo, ulisimamisha fedha zake. Mlimani Elgon, Waogiek wa Chepkitale walikuta ardhi yao imegeuzwa hifadhi ya wanyama mwaka 2000. Chepkitale ni nchi ya juu mno, mbuga za baridi zaidi ya mita 3,000, na hawa wa huko hufuga zaidi kuliko kurina. Waliendelea kurudi, na wakafanya jambo ambalo ningependa kila ofisi ya misitu ilisome: waliketi wakaandika sheria ndogo zao wenyewe, wapi pachungwe na lini, mti upi usikatwe, nani azuie mkaa usichomwe. Septemba 2022 mahakama ya mazingira na ardhi ya Kenya iliamua kwamba ardhi ile ilichukuliwa isivyo halali na ni ya jamii.

Chepkitale ni jibu kwa hoja moja ya kweli ambayo wapinzani wa Waogiek huitoa. Hoja yenyewe ni kwamba watu wameongezeka. Sensa ya 2019 ilihesabu Waogiek zaidi ya 52,000 nchini Kenya, na kijana wa leo hawezi kulea watoto wanne kwa asali peke yake. Ni kweli. Msitu ukirudishwa kwa wenyewe bila utaratibu unaweza kuliwa na wenyewe pia. Lakini utaratibu hauletwi na mgambo anayefika na kiberiti na kuondoka. Huletwa na watu wanaojuana kwa majina, wanaojua kijito kipi ni mpaka, na walio na uhakika kwamba mti wanaoacha kuukata leo utakuwa wa wajukuu wao. Anayeishi akingoja notisi ya siku 30 hana sababu ya kuacha mti umesimama. Anaukata kabla ya mwingine kuukata. Uhakika wa kumiliki ni kazi ya uhifadhi, na serikali imekuwa ikiifanya kinyume kwa miaka tisini.

Asali bado inarinwa Mau. Mizinga ya gogo iko mitini, na karibu yake kuna mizinga ya mbao ya kisasa ambayo vikundi vya wanawake husimamia bila kulazimika kupanda mti mrefu. Asali ya Waogiek inauzwa ikiwa imefungwa kwenye chupa zenye jina lao. Kwenye maeneo ambako miti ya asili imerudishwa, hasa kandokando ya mito, nyuki nao wamerudi. Vijana wanaoijua mipaka ya koo zao kijito kwa kijito wanapungua, kwa kuwa waliokuwa wakiwafundisha wanazeeka, na kwa kuwa kutembea katika ukanda huo kunaweza kumfanya mtu akamatwe. Ujuzi huo ndio utakaohitajika siku wapimaji wa ardhi watakapofika na vifaa vyao kuchora mipaka ambayo mahakama ya Arusha iliamuru ichorwe.

Kwa hiyo, kama wewe ni Mkenya, mwulize mbunge wako hati ya pamoja ya Waogiek imefikia wapi, na usikubali kujibiwa kwa habari za miti. Kama wewe ni Mtanzania unayeishi kwa maji ya mto Mara, swali hilo ni lako pia. Amri ya mahakama imeshatolewa na katiba imeshaandikwa. Kilichobaki ni kutekeleza, na wazee wanaoijua mipaka wangali hai.